Mashimo Niliyoyafukia

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani. Inachapwa hapa kwa ombi la wenzetu ambao hawakuweza kufika.)



Kamati iliniomba nizungumzie "Faida ya Hesabu katika Maisha". Niliwashukuru, kisha nikaamua kutotii. Hotuba yenye jina hilo niliisikia katika ukumbi huu huu nikiwa Kidato cha Pili, na jambo ninalolikumbuka ni moja tu, kwamba nilisinzia. Leo nitawaeleza habari za vitu vinavyotembea bila kubebwa na mtu. Pia nitawaeleza kosa nililolifanya nikiwa mwalimu kijana, kwa sababu mambo haya mawili hayatengani.

Mwaka 1979 nilikuwa nikifundisha hesabu katika shule moja ya sekondari ya mkoa huu wa Shinyanga. Si hii yetu, na sitaitaja. Nilikuwa na umri wa miaka 25, shati langu limepigwa pasi, na niliamini kwamba mwanafunzi akiinama chini basi ana jambo analificha. Siku moja ya kazi za kujitegemea, wenzake wakiwa shambani wanavuna pamba, nilimkuta kijana wa Kidato cha Pili nyuma ya bweni. Alikuwa amechimba mashimo madogo ardhini, kiasi cha 20 hivi, yote katika mstari mmoja, naye anahamisha kokoto kutoka shimo hadi shimo.

Nikasema moyoni: isolo. Kwa wale wasiotoka Usukumani, isolo ni bao letu. Wazee hulicheza chini ya mti mpaka ng'ombe wanarudi. Lakini isolo huchezwa na watu wawili, na mashimo yake hupangwa safu kadhaa. Huyu alikuwa peke yake, na safu yake ilikuwa moja. Nikamwuliza anafanya nini. Akasimama wima, akajibu kwa heshima:

"Mwalimu, nimeona kokoto sita, hata uziweke vipi, mwisho zinajipanga zenyewe na kuanza kutembea."

Nikamwambia kokoto hazina miguu. Wanafunzi waliokuwa wakipita wakacheka. Nami, niseme kweli, nilifurahi kwamba wamecheka. Nikampa viboko vinne kwa kosa la kukwepa kazi, na jembe ili afukie mashimo yake. Alipokuwa anasitasita nikalichukua jembe, nikayafukia mwenyewe.

Muhula uliofuata hakurudi. Tulisikia yuko kwa mjomba wake upande wa Geita. Siwezi kudai kwamba aliacha shule kwa ajili yangu. Nyumbani kwao kulikuwa na shida zake. Lakini siwezi pia kudai kwamba nilimpa sababu hata moja ya kubaki.

Sasa tuvuke miaka 30. Mwaka 2009 nilikwenda msibani Nyarugusu, huko Geita. Wanaopafahamu wanajua kwamba pale mtu hawezi kunywa chai bila kusikia kishindo cha karasha zinazosaga mawe ya dhahabu. Nimekaa kibandani, akaja mtu mzima, vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Sikumtambua. Akatabasamu, akaniuliza: "Bado unafukia mashimo? Maana mimi ndiyo kazi yangu, kuyachimba."

Ndugu zangu, chai ilinipalia. Lakini hakuwa na kinyongo. Alilipia chai yangu, kisha akachuchumaa, akachimba mashimo kwa kidole pale pale mbele ya kibanda, akaokota kokoto sita. Akasema, leo utatazama mpaka mwisho.

Sheria yake ni moja, na naomba mwenye daftari aiandike. Chukua kokoto zote za shimo la nyuma kabisa, uzisambaze moja moja katika mashimo yanayofuata mbele. Basi. Kisha rudia. Alianza na kokoto sita zote katika shimo moja, na mambo yalikwenda hivi:

6
1-1-1-1-1-1
2-1-1-1-1
2-2-1-1
3-2-1

Hapo akaniangalia, akaendelea. Akachukua zile tatu za nyuma, akasambaza. Shimo lenye mbili likawa na tatu, lenye moja likawa na mbili, na shimo tupu la mbele likapata moja. Kumbe ni 3-2-1 tena, ila limesogea shimo moja mbele! Akarudia: 3-2-1 tena, mbele zaidi. Tazameni pia kwamba kokoto ya mwisho kila mara huangukia shimo tupu, na katika bao hiyo ndiyo kulala. Kwa hiyo umbo lile linatembea hatua kwa hatua bila kuvunja desturi ya mchezo.

Kisha akaongeza kokoto ya saba. Sasa safari ikawa ya kuchechemea: 4-2-1, halafu 3-2-1-1, halafu 3-2-2, halafu 3-3-1, na hatua ya nne ikarudi 4-2-1, mashimo manne mbele ya pale ilipoanzia. Umbo linaharibika njiani, kisha linajikumbuka. Akaniambia kwamba kokoto nane zina miendo miwili tofauti, na kwamba aliitafuta usiku mwingi akilinda duara.

Nikamwuliza, kama mwalimu wa hesabu awezavyo kuuliza: "Je, umethibitisha kwamba kokoto sita lazima zifike 3-2-1, popote zianzapo?"

Akajibu taratibu: "Mwalimu, kuthibitisha ndiko nilikotaka unifundishe."

Niliporudi nyumbani nilitafuta vitabu. Upo mchezo wa marundo ambao, ukiulaza ubavu, ni ndugu wa karibu wa mchezo ule wa kokoto. Uthibitisho wake ulichapishwa na mwanahisabati Jørgen Brandt mwaka 1982: idadi ikiwa 1, 3, 6, 10, 15 na kuendelea hivyo, mwisho ni ngazi ile ile moja. Hesabuni wenyewe. Mwaka 1982 ni miaka mitatu baada ya mimi kushika jembe nyuma ya bweni. Sisemi kijana yule angeutangulia ulimwengu. Ninasema alikuwa amesimama mlangoni, na mwenye ufunguo alikuwa mimi.

Nilimsimulia mpwa wangu aliyekuwa anasoma Chuo Kikuu. Akacheka, akasema: "Mjomba, kuna watu wanaijenga kazi hiyo kwa kompyuta, na wamefika mbali." Wenzangu wa umri wangu wanakumbuka kwamba kompyuta zamani tuliambiwa tuiite kwa jina jingine. Jina lilikufa, lakini mashine imeendelea vizuri.

Kazi hiyo inatokana na mchezo alioubuni John Conway, mwanahisabati wa Cambridge, Uingereza, aliyefariki mwaka 2020. Ulitangazwa kwa watu wengi mwezi Oktoba 1970, Martin Gardner alipouandika katika jarida la Scientific American. Chukua karatasi ya hesabu yenye vyumba vya mraba. Chumba ama kina nukta, yaani kiko hai, ama ni kitupu. Kila chumba kina majirani wanane. Kilicho hai kikiwa na majirani hai wawili au watatu, kinabaki hai. Wakipungua au kuzidi, kinakufa. Chumba kitupu kikiwa na majirani hai watatu kamili, kinazaliwa. Vyumba vyote hubadilika kwa pamoja, kisha unahesabu tena. Huo ndio mchezo wote, na hauna mchezaji. Wewe unapanga mwanzo tu.

Chora nukta tano hivi:

. o .
. . o
o o o

Hesabu hatua nne kwa kalamu. Umbo litageuka, litapinda, na katika hatua ya nne litakuwa lile lile, limesogea chumba kimoja kwa mshazari. Mimi nalo naliita kitelezi. Je, hamuoni kuchechemea kwa zile kokoto saba? Tena hapa hakuna hata kokoto inayohama. Vyumba vinawaka na kuzimika, kila kimoja kikiwatazama jirani zake tu, lakini umbo linasafiri. Wimbi la Ziwa Victoria hufika ufukweni hivyo hivyo. Maji yenyewe hayakutoka Ukerewe.

Kitelezi kiligunduliwa kwa kutazama tu. Mwezi Novemba 1970 Bill Gosper na wenzake huko Marekani walipata umbo linalokaa mahali pamoja na kutoa kitelezi kipya kila baada ya hatua 30. Vilevile palikuwapo chombo kidogo cha nukta tisa kinachokwenda wima au mlalo, vyumba viwili kwa kila hatua nne. Tangu hapo swali likabadilika. Watu waliacha kuuliza, "Tutaona nini?" wakauliza, "Tunaweza kujenga nini?" Hapo ndipo hesabu inapogeuka kuwa uhandisi.

Sikilizeni sasa habari ya Kiwavi. Hilo ndilo jina walilokipa chombo chao Gabriel Nivasch, Jason Summers na David Bell, walipokikamilisha mwishoni mwa mwaka 2004. Ilikuwa inajulikana kwamba umbo dogo la nukta saba, likikutana na mstari wa vijiti vya nukta tatu tatu, linaweza kupanda kuufuata kama mtu anayepanda ngazi, na kwenda vyumba 17 kila hatua 45. Lakini ngazi ikiisha, mpandaji anaharibika. Na ngazi isiyo na mwisho si chombo, ni barabara.

Fikirini reli yetu inayopita hapa Shinyanga, iliyofika Mwanza mwaka 1928. Sasa fikirini garimoshi lisilo na reli mbele yake, ambalo lazima litandike reli lenyewe, lipite juu yake, kisha liing'oe nyuma bila kuacha hata msumari. Hiyo ndiyo kazi waliyojipa. Nani ataipeleka reli mbele? Walivitumia vile vyombo vidogo. Katika hatua 45 chombo kidogo hupita vyumba 22 na nusu, na mpandaji hupita 17 tu. Kwa hiyo mjumbe anaweza kumtangulia bwana wake. Wajumbe hao wakigongana kwa mpango hutoa vitelezi, navyo vitelezi vikigongana kwa mpango huacha vijiti vya ngazi mahali panapotakiwa. Vingine husafisha nyuma.

Kiwavi kina nukta hai zaidi ya milioni 11. Urefu wake ni vyumba 330,721 na upana vyumba 4,195. Ukikichora kwenye daftari lenye vyumba vya nusu sentimita, karatasi yako itakuwa na urefu wa zaidi ya kilometa moja na nusu, na upana wa mita 21. Kinatambaa chote kwa pamoja kwa mwendo ule ule wa mpandaji mmoja, 17 kwa 45, wala hakuna chumba ndani yake kinachojua kwamba kuna Kiwavi. Kila chumba kinajua majirani wanane.

Mwaka 2010 Andrew Wade alionyesha njia nyingine, kwa chombo alichokiita Gemini, maana yake Mapacha. Hicho hakitambai. Kinajenga nakala yake mbele, kisha kinajibomoa nyuma, kama mzee anayehamisha mji wake: anajenga nyumba mpya upande wa pili wa mbuga, halafu anabomoa ya zamani. Safari moja huchukua hatua 33,699,586, na mwisho wake kimesogea vyumba 5,120 upande mmoja na 1,024 upande mwingine.

Nilipomsimulia Kiwavi yule mwanafunzi wangu, kwa maana sasa tunapigiana simu, hakushangaa ukubwa wake. Aliuliza: "Timba moja likikosewa?" Katika duara, matimba ni magogo yanayozuia kuta zisianguke. Nikamjibu kwamba nukta moja ikiwa mahali pasipo pake, mgongano mmoja unaweza kuharibika, uchafu wake ukaharibu wa pili, na chombo chote kikawa kifusi. Akasema: "Basi walipima kila timba kabla ya kushuka." Hakuna mhandisi aliyenieleza jambo hili vizuri kuliko hivyo. Wale mabwana hawakukaa wakaota nukta milioni 11. Walipima mgongano mmoja mdogo mpaka wakaujua, wakapima wa pili, wakauunganisha na wa kwanza, wakapima tena.

Kijana mmoja ataniuliza: faida yake nini? Sitamdanganya. Kiwavi hakichimbi dhahabu wala hakilimi pamba. Lakini imethibitishwa kwamba kwa vitelezi vinavyogongana katika mchezo huu unaweza kujenga mashine inayofanya hesabu yoyote ambayo kompyuta inaweza kuifanya. Sheria ndogo, ikifuatwa na wengi kwa uaminifu, hubeba mambo makubwa kuliko aliyeitunga alivyodhani. Na atakayejifunza kupima kipande kidogo, akakiamini kwa sababu amekipima, huyo anaweza kukabidhiwa daraja, au hospitali, au duara lenye watu ndani.

Nina maombi matatu, kisha nitakaa.

La kwanza ni kwenu walimu wenzangu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mtoto akiinama juu ya mashimo, mwulizeni anafanya nini, na mkishamwuliza, subirini jibu mpaka liishe. Mimi niliuliza, lakini sikusubiri. Kama kuna kazi ya shamba iliyomngoja, pamba ingeweza kumngoja robo saa.

La pili ni kwenu ndugu zangu wa zamani. Tazameni tena ile ngazi ya 3-2-1. Haiendi mbele kwa sababu shimo la mbele lina nguvu. Inakwenda kwa sababu shimo la nyuma, lenye nyingi, linajimwaga lote na kuwapa walio mbele moja moja. Siku shimo la nyuma likikataa kutoa, msafara umesimama hapo hapo. Mtunza Hazina asitabasamu mapema, sijataja kiasi. Ninapendekeza tununue daftari za hesabu zenye vyumba, mbao chache za isolo, na kompyuta moja iliyowekewa programu ya bure iitwayo Golly, ambayo humwonyesha mtu Kiwavi kikitambaa. Chama cha Hesabu cha shule hii kisiwe mahali pa kurudia mitihani tu.

La tatu ni kwenu vijana. Msingoje kompyuta. Kokoto ni bure na ardhi ya Shinyanga tunayo ya kutosha. Chukueni kokoto nane. Kuna mwendo unaorudia umbo lake baada ya hatua nne, na kuna mwingine unaolirudia baada ya hatua mbili. Ule wa kwanza niliupata kwa dakika kumi. Wa pili ulininyima usingizi, na mchimbaji wa Nyarugusu alinicheka kwenye simu. Atakayeipata yote miwili aiandike vizuri, hatua kwa hatua, ampelekee mwalimu wake wa hesabu. Kisha afanye lile gumu: aeleze kwa nini hakuna wa tatu.

Ndugu yangu huyo amenikataza kulitaja jina lake, nami nimetii. Lakini amekubali kuja mwakani kuzungumza na Chama cha Hesabu, mradi apewe nafasi nyuma ya bweni ya kuchimba mashimo 20 katika mstari mmoja. Mkuu wa Shule, ninaiomba ruhusa hiyo leo, mbele ya mashahidi. Jembe nitalibeba mimi, na safari hii nitachimba naye.